AMEKUAMBIA, AU UMEJIAMBIA? Swali moja linaloweza kuokoa mteja wako na usingizi wako

Siku zote hapa tunaongea picha za bidhaa, bei na namna ya kutuma mzigo. Leo tuongee kitu kinachokula mtaji kimyakimya: mawazo yetu wenyewe.

Mimi siyo daktari. Nimeishia kidato cha nne, nina duka dogo la viatu vya mtumba huku Bisibo, na nusu ya wateja wangu nawapata kwenye simu. Haya nimeyajua kwa kupoteza hela kwanza, ndiyo nikaanza kusoma.

ILIVYONITOKEA

Mwaka jana dada mmoja wa Rulenge aliniagiza raba sita za watoto. Pea moja 12,000, jumla 72,000. Akasema jioni anatuma hela. Nikamwekea mzigo pembeni. Mteja mwingine akataka pea mbili kati ya zile, nikamjibu zimeshachukuliwa.

Jioni kimya. Saa mbili usiku nikamwandikia, "Dada vipi, tumefikia wapi?" Tiki zikageuka bluu. Kasoma, hajajibu.

Jumamosi ile nilikuwa na rejesho la kikoba, 50,000. Basi kichwa kikaanza. "Huyu ananichezea. Ameona vya bei rahisi kwa mwingine. Wateja wote wako hivi. Biashara imenishinda. Jumamosi nitaaibika mbele ya kina mama." Moyo unaenda mbio, tumbo limekaza, usingizi hakuna. Saa tano usiku nikamwandikia: "Kama huna hela si useme tu, mnatupotezea muda." Nikambloki. Nikaweka na kijembe kwenye stetasi.

Siku ya tatu nikapigiwa na namba ngeni. Ni yeye. Walikuwa msibani, kafiwa na mama mkwe. Simu aliiacha nyumbani, mtoto ndiye alikuwa anaichezea na kufungua meseji. Nikaomba radhi mpaka nikaishiwa maneno. Akanijibu kwa upole tu, "Hamna shida dada, viatu nimeshapata kwingine." Hajanunua kwangu tena mpaka leo, na ndugu zake waliokuwa wananunua kupitia yeye nao sijawaona.

Nilimsimulia mama mmoja fundi cherehani, jirani yangu wa kibaraza. Akasimamisha cherehani akaniuliza, "Mwanangu, hayo ya kukuchezea alikuambia yeye, au ulijiambia wewe?"

Sikuwa na jibu. Yule dada hakuwa ameniambia lolote. Yote nilijiambia mimi.

KWA NINI WAZO LINAUMA KAMA KITU CHA KWELI

Angalia Kiswahili chetu. Mtu akiwa na shida moyoni anasema "nina mawazo". Anayeonekana amechoka anaambiwa "acha mawazo". Yaani lugha yenyewe inajua kwamba kufikiri na kuumia vinakaa chumba kimoja. Kule Zimbabwe, kwa Washona, hali hiyo wanaiita kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi.

Daktari mmoja wa akili Mmarekani, Aaron Beck, aliliona jambo hili kwa wagonjwa wake wa sonona miaka ya 1960. Aligundua kuna mawazo yanapita kichwani haraka sana, yanakuja yenyewe bila kuitwa, na mtu anayaamini papo hapo bila kuyahoji. Mengi yanamsema vibaya mwenyewe, au dunia, au kesho yake. Akajenga tiba ya kumfundisha mtu kuyakamata mawazo hayo na kuyapima.

Inakwenda hivi:

Kinatokea kitu (tiki za bluu, hajajibu).
Linakuja wazo (ananichezea).
Inakuja hisia (hasira, hofu, aibu).
Mwili unafuata (moyo mbio, usingizi hakuna).
Unafanya jambo (meseji ya matusi, kubloki).

Sisi tunadhani tiki ndizo zilizotukasirisha. Hapana. Katikati kuna wazo. Ungewaza "labda yuko njiani" usingekasirika, na tiki ni zilezile. Tiki za mteja huwezi kuziamrisha, lakini wazo unaweza kulihoji kabla hujabonyeza kutuma.

MAWAZO YANAYOTUTESA SANA WAUZAJI WA MTANDAONI

1. Kusoma moyo wa mteja. Hajajibu, wewe umeshajua sababu. Kumbe bando limekata, au umeme haupo, au yuko shambani.

2. Kujumlisha. Mmoja kakataa bei, unasema "watu wa huku hawana hela". Mmoja siyo watu.

3. Kutabiri mabaya. Siku mbili hujauza, umeshaona duka limefungwa na umerudi kwenu.

4. Kujilinganisha. Mwenzako kaweka "mzigo umeisha, asanteni", unajiona mzembe. Umeona stetasi yake, hujaona daftari lake la madeni.

5. Kujipa jina. Umekosea hesabu mara moja, unajiita "mimi sina akili ya biashara". Kosa ni kitu ulichofanya, usiligeuze likawa jina lako.

FANYA HIVI LIKIKUJIA

Kwanza, weka simu chini. Dakika kumi tu. Hudumia mteja wa dukani, panga viatu, kunywa maji. Hasira ya saa tano usiku isiandike meseji, iache ilale mpaka asubuhi.

Pili, liandike wazo kwenye daftari, neno kwa neno. Mimi natumia ukurasa wa nyuma wa daftari la mauzo. Likiwa kichwani linaonekana kubwa kama mlima. Likikaa kwenye karatasi unaona ni sentensi moja, na sentensi inaweza kuwa na makosa.

Tatu, jiulize: ameniambia, au nimejiambia? Andika ulichokiona kwa macho upande mmoja, ulichokidhania upande wa pili. Kwa yule dada, upande wa kuona ungekuwa na kitu kimoja: amesoma, hajajibu. Mengine yote yangeangukia kwenye dhana.

Nne, tafuta sababu nyingine mbili zinazowezekana. Siyo lazima ziwe nzuri, ziwezekane tu.

Tano, chagua jambo dogo la kufanya. Mimi leo ningeandika: "Dada, mzigo wako nautunza mpaka kesho saa sita. Ukichelewa nitamuuzia mwingine, nawe nitakutafutia mwingine." Hapo nimelinda hela yangu na sijamtukana mtu.

NA WAZO LIKIWA LA KWELI?

Hapa wengi wanakosea wakidhani nawaambia mjifariji. Hapana. Kuna siku nililetewa meseji ya malipo, nikawaza "hii ni ya uongo". Nikaangalia salio, kweli hakuna kitu kilichoingia. Wazo lilikuwa sahihi, na kulipima ndiko kulikoniokoa. Kupima wazo ni kama kupima noti kwenye mwanga. Nyingine ni halali, nyingine bandia, na hujui mpaka uangalie.

Rejesho la 50,000 nalo lilikuwa la kweli. Deni halitoki kwa kuwaza vizuri. Ila kuna tofauti kati ya "nitaaibika" na "nina 31,000, nimepungukiwa 19,000". La kwanza linakukosesha usingizi tu. La pili unaweza kulifanyia kazi: unamwona mweka hazina mapema, unashusha bei ya pea tatu zilizokaa, unadai waliokopa. Wiki ile nililipa nusu, nikaongezewa wiki moja. Aibu niliyoiogopa usiku kucha ilikuwa mazungumzo ya dakika tano.

USIKAE NAYO PEKE YAKO

Mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianzisha Harare huduma inayoitwa Benchi la Urafiki. Aliwafundisha kina bibi wa mtaani, 14 kwa kuanzia, wakawa wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, wanamsikiliza, wanamsaidia kuchagua tatizo moja na hatua moja ya kulitatua. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulifuatilia watu 573. Baada ya miezi sita, waliokaa na kina bibi wale walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wa kawaida, akifundishwa kusikiliza na kuuliza, anasaidia kweli.

Kwa hiyo tafuta benchi lako. Kwangu ni kile kibaraza cha cherehani. Kwako anaweza kuwa mwenzako wa kikoba, dada yako, au jirani wa duka. Chagua mtu anayeuliza kabla ya kushauri, na asiyetangaza.

Lakini kuna hali ambayo daftari na jirani havitoshi. Ukiona wiki mbili au zaidi kila siku una huzuni, hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, na hata ulichokuwa unakipenda hukitaki, nenda zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya uwaeleze kama unavyoeleza malaria. Sonona ni ugonjwa, na una tiba. Na kama yanakujia mawazo ya kujidhuru, usingoje hizo wiki mbili. Mwambie mtu leo hii, asikuache peke yako mpaka ufike kwa wahudumu wa afya.

KAZI YA WIKI HII

Kila mara simu ikikuchafua moyo, andika mistari miwili tu: nilichokiona, na nilichojiambia. Jumapili usiku soma yote. Hesabu mangapi yalikuwa kweli.

Halafu njoo kwenye komenti utuambie: ni wazo gani linakujia sana mteja akikaa kimya? Na kama kuna mwenzako umeona ameweka kijembe kwenye stetasi saa tano usiku, usimcheke. Mtumie hii.