Tusiipite Taita

Kila likizo, Wakenya wengi huipita Voi mbio wakielekea Mombasa. Naona ingekuwa heri wakate kulia, wapande hadi Wundanyi, mji mdogo wenye baridi katika Milima ya Taita. Karibu nao upo msitu wa Ngangao, makao ya ndege wasiopatikana kwingineko duniani. Chini ya milima hiyo imetanda Tsavo, mbuga iliyotengwa mwaka 1948. Ndovu wake huvuka mipaka wakala mahindi ya Wataita, ilhali fedha za watalii haziwafikii wengi wao. Ndugu msomaji, nenda ukawatazame ndovu. Lakini ulale Wundanyi, ununue mboga sokoni, ili anayebeba mzigo wa wanyama hao naye aonje asali yao.