Babu Yetu na Sanamu la Askari

Idi iliyopita tulipokusanyika hapa Al Qabil, mjukuu wangu alifungua albamu ya zamani akaiona picha ya sanamu la askari lililoko Dar es Salaam. Akauliza, "Babu, huyu nani?" Kabla sijafungua mdomo, watu watatu walimjibu kwa pamoja: "Huyo ndiye babu yetu aliyekufa vitani."

Nilinyamaza. Ilikuwa siku ya furaha, na mwalimu hata akishastaafu hachoki kusahihisha watu. Lakini jambo hili nimelikalia kimya miaka mingi, na sioni kuwa ni haki kuwaachia watoto hadithi ambayo mimi mwenyewe najua kuwa ina kasoro.

Babu huyo alikuwa baba yake bibi yangu mzaa mama. Wazee wake walitoka huku huku Sharqiya, wakashuka Sur, wakapanda jahazi, wakafikia Bagamoyo, na huko ndiko alikozaliwa yeye. Alipokuwa kijana aliandikwa kazi ya polisi katika serikali ya Mdachi. Kazi yake, alivyokuwa akisimulia Bibi, ilikuwa kulinda boma, kupeleka barua za hukumu na kuzunguka sokoni siku za gulio. Hakuwa mtu wa vita.

Vita vilimfuata alipo. Mwaka 1914 Wadachi walikuwa na askari wa jeshi wapatao 2,500 katika nchi nzima, na askari polisi zaidi ya 2,000. Vilipozuka vita mwezi wa Agosti, polisi wengi waliingizwa jeshini. Aliyekuwa akishika wezi wa kuku akapewa bunduki na kutiwa katika safu. Lugha yetu haikuona hata haja ya kumbadilisha jina: alikuwa askari, akawa askari.

Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, na jeshi la Mdachi likarudi nyuma kuelekea kusini. Bibi alikuwa mtoto mdogo. Habari aliyoletewa mama yake na mwenzake mmoja aliyenusurika ilikuwa fupi: amekufa upande wa Rufiji, mwanzo wa mwaka 1917, wakati wa mvua, kwa homa na njaa. Nani alimzika, na wapi, yule mtu hakuweza kusema. Januari ya mwaka huo huo, upande huo huo, aliuawa Mwingereza aliyeitwa Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyekuwa akipigana katika jeshi la nchi yake. Kaburi lake lipo Beho Beho mpaka leo, na mbuga nzima iliitwa kwa jina lake.

Sasa nije kwenye sanamu. Sisi watoto wa mjini tulikuwa tukiliita Bismini. Lilizinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson: askari wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Bibi akipita hapo alikuwa akipunguza mwendo. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na miaka kama kumi, alinishika mkono akaniambia, "Wewe umesoma chuoni. Nisomee."

Maandishi yake yapo kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha herufi za Kizungu na cha herufi za Kiarabu. Nilifuata hizi za mwisho, maana ndizo nilizozijua kwanza. Yanasema kwamba huo ni ukumbusho wa askari wenyeji wa Afrika waliopigana, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa wote waliomtumikia mfalme wao na nchi yao wakafa. Mwisho yanasema kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Bibi akauliza, "Mfalme yupi?" Nikasema ni wa Waingereza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi si yeye." Tukaenda zetu.

Huo ndio ukweli, jamaa zangu. Sanamu lile si lake. Liliwekwa na wale aliokuwa akipigana nao. Na sanamu la Wadachi lililokuwako mji ule kabla ya vita lilikuwa la Hermann von Wissmann. Waingereza waliling'oa, likaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaliangusha mwaka 1968. Hilo nalo tusingelitaka. Wissmann ndiye aliyemtia kitanzini Bushiri bin Salim al-Harthi, Pangani, Desemba 1889.

Nadhani hapa ndipo ilipo sababu ya hadithi yetu. Katika nchi hii ya Maharithi, nani angependa kusema kuwa babu yake alivaa sare ya waliomnyonga Bushiri? Ikawa rahisi kumpa babu sanamu la shaba kuliko kueleza mshahara wake ulitoka wapi. Mimi simtetei wala simhukumu. Alikuwa na mke na mtoto, akatafuta riziki iliyokuwapo, na vita vikamkuta kazini.

Maneno ya sanamu lile yaliandikwa na Rudyard Kipling. Mwanawe wa pekee, John, alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915, akiwa na miaka kumi na minane. Kipling alikufa mwaka 1936 bila kujua kaburi la mwanawe liko wapi. Lakini jina la kijana liliandikwa ukutani huko Loos. Juu ya jiwe la Dar es Salaam, linaloahidi kwamba majina yatakumbukwa, hakuna jina hata moja la askari. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na hao ni wale waliokufa upande wa washindi. Wetu hata katika hesabu hiyo hayumo.

Ila jina lake halikupotea. Bibi, kama ada yetu, aliitwa kwa jina lake na la baba yake. Kila alipoitwa mbele ya watu, baba yake naye alitajwa, zaidi ya miaka sitini baada ya Rufiji. Jiwe linasema wana watakumbuka. Kwetu alikuwa binti.

Jina hilo mtaliona katika shajara ya ukoo mwishoni mwa kitabu hiki, tawi la Bagamoyo. Mpaka mwaka jana halikuwa na maelezo yoyote. Mwaka huu nimeomba yaongezwe maneno haya: askari polisi, alikufa vitani 1917, kaburi halijulikani. Ambaye ukoo wake una mtu kama huyu, wa upande wowote, na atuletee habari zake kabla hawajatutoka wanaozijua.

Na yule mtoto nimeshamjibu. Nimemwambia huyo wa kwenye picha si babu yetu, kisha nikamfunulia shajara nikamwonesha alipo.