Kidato Mlangoni mwa Treni



Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu mkubwa, ambaye hutumia kiti cha magurudumu, katika safari ya treni hapa Uingereza. Kituo kilipendeza kwa vioo na maduka. Lakini mlangoni mwa behewa palikuwa na kidato, na mtumishi wa kuleta ubao wa kumpandishia hakutokea. Treni ikaondoka, na dada akaikosa nikahi ya mjukuu wake. Tangu siku hiyo, ninapoingia kituoni hutazama kwanza chini, si darini.

Kanuni za reli za nchi hii zataka jukwaa jipya liwe na kimo cha milimita 915 juu ya reli. Sakafu za mabehewa mengi ya safari ndefu hupita kimo hicho, na vituo vingi vilijengwa katika karne ya 19, kabla ya kanuni hiyo. Ndiyo sababu kidato kingalipo.

Kituo cha Birmingham New Street nacho chatupa funzo. Jengo lake lililokamilika mwaka 1967 lilikusudiwa abiria 60,000 kwa siku. Baadaye wakazidi maradufu. Septemba 2015 ukafunguliwa ukumbi mpya, mpana, wenye mwanga wa jua, lifti na ngazi za umeme. Hata hivyo, majukwaa yaliyo chini ya ukumbi huo yangali membamba na yenye giza. Kipimo ni rahisi kukibadili kikiwa bado karatasini. Kikishamiminiwa zege, hurithiwa na wajukuu.

Dawa ipo. Treni zilizoanza kazi mwaka 2020 kati ya Norwich na London zina sakafu ya chini na kidaraja kinachochomoza mlangoni kuziba pengo. Mwenye kiti cha magurudumu, mama mwenye kigari cha mtoto na mzee mwenye mkongojo hupanda bila kumngoja mtu.

Kwingineko, tuitumie haki iliyopo: tangu Aprili 2022 abiria aweza kuomba msaada saa mbili tu kabla ya safari. Na kituo cha mji wako kikitangazwa kujengwa upya, wananchi huombwa maoni. Usinyamaze. Uliza kimo cha jukwaa, upana wake, na zilipo lifti, kabla ya kulisifu paa.