Kiongozi Huandaliwa Kabla ya Siku Mbaya

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia katika bweni la seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, kusini mwa Burundi. Waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa. Waliuawa 40, na waliookoka ndio waliosimulia jinsi walivyoshikamana.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bujumbura, na kila Jumamosi jioni huwa na vijana wa kwaya na walimu wa shule ya Jumapili wa kanisa letu, mtaani Kinama. Nikiulizwa uongozi hufundishwa vipi, huanzia Buta. Wengi huisimulia habari ile kana kwamba ushujaa uliwashukia vijana asubuhi hiyohiyo. Mimi huwaomba watazame miaka iliyotangulia.

Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, na mauaji ya kikabila yakasambaa nchini. Seminarini walisoma watoto wa pande zote mbili, na wengi walibeba misiba ya kwao pamoja na maneno waliyoyasikia vilimani. Mkuu wao, Padri Zacharie Bukuru, hakuwafunga midomo. Aliwapa nafasi ya kuzungumza waziwazi juu ya yaliyotokea, akawaunganisha katika sala, michezo na ngoma. Baadaye aliandika kitabu juu yao. Amri ile ya kujitenga ilipotolewa, iliwakuta watu waliokwisha kulitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, wakiwa na mtu mzima waliyemwamini. Uamuzi wao ulikuwa umeiva kabla bunduki hazijafika.

Hicho ndicho ninachokiamini kuhusu kulea viongozi. Semina tunazo nyingi mjini, na sizidharau, kwani humpa kijana maarifa na marafiki. Lakini semina ya siku tatu haimjui kijana. Haijui kwamba hukasirika akipingwa, au kwamba huogopa kuzungumza mbele ya waliomzidi umri. Mlezi ndiye ayajuaye hayo, kwa sababu yupo mwaka wote.

Warundi hatukuanza jana kulifahamu jambo hili. Zamani mtu hakuwa mushingantahe, yaani mwamuzi anayeheshimiwa na jamii, kwa siku moja. Majirani walimchunguza kwa miaka: anasema kweli? Anatunza siri? Aliketi na wazee walipokuwa wakisuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba au wa mume na mke, akisikiliza. Waliporidhika naye ndipo aliposimikwa mbele ya watu wa kilima chake. Biblia nayo ina mpangilio huohuo: Yoshua alimtumikia Musa kabla ya kuongoza taifa, na Timotheo alisafiri na Paulo kabla ya kuachiwa kanisa la Efeso.

Anayetaka kuona njia hii kwa macho aende mtaani Buyenzi, hapa Bujumbura, kwenye magereji. Kijana huanza kwa kumpitishia fundi spana na kuosha vyuma. Baadaye hufungua breki fundi akiwa amesimama kando. Siku anapoachiwa injini ya mteja, fundi anaujua mkono wake. Chuo Kikuu cha Hope Africa, kilichoanzishwa na Kanisa la Methodisti Huru jijini Nairobi mwaka 2000 kisha kikahamia Bujumbura, huwapeleka wanafunzi wake wa udaktari hospitali ya Kibuye, karibu na Gitega, wakajifunze kando ya kitanda cha mgonjwa pamoja na madaktari wazoefu. Na katika mitaa ya kaskazini mwa jiji, Centre Jeunes Kamenge ya wamisionari Waksaveri iliwapokea vijana wa miaka 16 hadi 30 kutoka mitaa iliyokuwa ikipigana, ikawapa viwanja, maktaba na masomo ya pamoja. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa Tuzo ya Right Livelihood.

Kanisani kwetu tunafanya kwa kadiri ya uwezo wetu. Binti mmoja wa kwaya alipofikisha miaka 17, tulimkabidhi daftari la fedha za vijana. Mwanzoni nilihesabu naye kila noti na kila sarafu. Kisha akahesabu yeye, nami nikitazama. Leo huhesabu na mdogo wake wa kwaya, na ni yeye anayesimama mbele ya wazee kusoma hesabu. Siku ya kwanza aliponinong'oneza, "Madamu, soma wewe," nilimjibu, "Daftari ni lako, mwanangu. Mimi niko hapa nyuma."

Anayefundisha shule ya Jumapili naye huwa na mtu mzima kwenye benchi la mwisho. Watoto wakishaondoka, tunakaa naye kidogo na kumuuliza maswali matatu. Ni wapi watoto walielewa? Ni mtoto gani hakusema neno leo? Wiki ijayo utabadilisha nini? La pili ndilo zito kuliko yote. Anayejifunza akiwa na miaka 18 kumwona mtoto aliyenyamaza atamwona pia raia aliyenyamaza siku akiwa diwani, mkuu wa shule au mchungaji.

Ulezi una hatari zake, na ni lazima zisemwe. Wako wakubwa wanaomgeuza kijana kuwa mbeba begi, wakamdai shukrani maisha yake yote. Wako wanaotumia ukaribu huo kuwadhuru mabinti. Kwa hiyo mazungumzo yafanyike mahali panapoonekana, wazazi wajue nani anakutana na mtoto wao, na kijana awe na mtu mzima mwingine wa kumwendea akiona jambo baya. Mlezi mwema anapopingwa na aliyemlea husikiliza, maana hiyo ni dalili kwamba kazi yake imezaa.

Zaidi ya nusu ya Warundi ni watoto na vijana. Hatuwezi kuwangoja wazeeke ndipo tuwaamini. Naziomba shule na makanisa yetu zijipime kwa swali moja: mkuu wetu akiondoka kesho, ni nani kati ya vijana hawa aliyekwisha kuongoza, akakosea, akasahihishwa na kuongoza tena, sisi tukiwa kando yake? Pasipokuwa na jina la kutaja, kazi ianze Jumamosi hii, kwa kijana mmoja na jukumu moja lenye uzito.