Mwenye kisukari anaweza kuzuru Italia, lakini achunge miguu na saa za kula

WANANDOA wengi wanapotimiza miaka 25 ya ndoa hupenda kujipa zawadi ya safari. Wenye uwezo huchagua Italia, wakajionee makanisa, minara na viwanja vya kale katika miji ya Roma, Florence, Siena na Bologna, na kuonja mapishi ya huko. Lakini je, ikiwa mmoja wao anaugua kisukari, wafanye nini?

Wengi huogopa tambi na aiskrimu. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, kwa mgonjwa anayejidunga insulini, kuna hatari nyingine mbili ambazo aghalabu hazifikiriwi mapema: sukari kupungua mno mwilini na vidonda vya miguu.

Tuchukulie mfano wa mume wa miaka 55 ambaye hapa Nairobi huenda kazini kwa gari na kula chakula cha jioni saa moja. Akifika Italia, mambo hubadilika. Katikati ya miji hiyo ya kale magari mengi hayaruhusiwi, hivyo mgeni hutembea kutwa. Mjini Florence, anayetaka kufika juu ya kuba la kanisa kuu hupanda ngazi 463, na hakuna lifti. Mjini Bologna, baraza lenye matao 666 linaloelekea kanisa la San Luca lina urefu wa karibu kilomita nne, na sehemu ya mwisho ni mlima.

Misuli inapofanya kazi hiyo yote hutumia sukari iliyo katika damu. Nayo insulini iliyokwisha kudungwa haiwezi kurudishwa. Huendelea kuiteremsha sukari hiyo. Joto la Julai na Agosti huharakisha insulini kuingia katika damu. Isitoshe, mikahawa mingi ya Italia hufunga jikoni alasiri na kufungua tena yapata saa moja na nusu jioni. Kwa kuwa saa za Italia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao, na kwa saa mbili wakati wa baridi, chakula hicho humfikia mgonjwa akiwa amechelewa sana.

Akianza kwa glasi ya mvinyo kabla ya kula, hatari huongezeka. Kwa kawaida sukari ikipungua, ini hutoa akiba yake. Lakini ini likiwa linashughulika kuondoa pombe, kazi hiyo ya kutoa sukari hudorora.

Dalili za sukari kupungua ni kutetemeka, kutokwa na jasho, njaa ya ghafla, mapigo ya moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Hapa ndipo mke anapohitajika, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda asitambue, na wapita njia wanaweza kumdhania mlevi. Ampe mara moja glasi ndogo ya maji ya matunda au vijiko vitatu hadi vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji. Baada ya dakika 15 wapime tena. Ikiwa bado iko chini ya 4, arudie. Ikipanda, mgonjwa ale kipande cha mkate au biskuti. Akizirai, asitiwe chochote kinywani. Alazwe kwa ubavu na simu ipigwe nambari 112, ambayo ni ya dharura nchini humo.

Hatari ya pili ni miguu. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, hasa ya nyayo. Mtu mwenye afya akichubuliwa na kiatu husikia maumivu na kusimama. Mgonjwa huyu hasikii. Huendelea kutembea juu ya mawe yasiyo sawa hadi lengelenge lipasuke na kuwa donda. Kwa kuwa damu haifiki vizuri miguuni, donda hukawia kupona, na likioza mtu anaweza kukatwa mguu.

Kwa hivyo, viatu vipya visivaliwe kwa mara ya kwanza safarini. Vizoeshwe nyumbani kwa majuma kadhaa. Kila usiku miguu ioshwe, ikaushwe katikati ya vidole, na mke aitazame nyayo kwa makini. Lengelenge lisitumbuliwe, lifunikwe, mgonjwa apumzike na aonwe na daktari.

Kuhusu chakula, mlo kamili wa Kiitalia huja kwa awamu: kitangulizi, kisha tambi au wali, halafu nyama au samaki, na mwisho kitu kitamu. Hakuna anayelazimishwa kula zote. Wawili wanaweza kugawana sahani moja ya tambi na kuagiza samaki, mboga, au maharagwe ambayo watu wa eneo la Florence na Siena huyapenda sana. Mkate, tambi, wali na viazi vyote ni wanga, basi achague kimoja.

Kabla ya kuondoka, mwone daktari wako akueleze jinsi ya kurekebisha kipimo cha insulini siku za kutembea sana. Omba barua inayotaja dawa zako. Insulini ibebwe katika mkoba wa mkononi, kwani mizigo inaweza kupotea au kupigwa na baridi kali, na insulini ikiganda haifai tena. Beba akiba mara mbili ya unayohitaji, na mfukoni usikose peremende wala biskuti.

Ugonjwa wa kisukari haumfungi mtu nyumbani. Lakini safari yake huanza kwa daktari kabla ya uwanja wa ndege, na mwenzake lazima ajue la kufanya. Kinga ni bora kuliko tiba.