Mafahali Watatu Katika Zizi Moja: Mgawanyo wa Mamlaka Nchini Kenya kwa Mfano wa Jilore

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo, Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 imewaweka watatu pamoja: Bunge, Serikali na Mahakama. Makala haya yanafafanua jinsi mihimili hiyo inavyogawana mamlaka, kwa kurejelea Jilore, wadi iliyomo katika eneo bunge la Malindi, Kaunti ya Kilifi. Aidha, yanadai kuwa utata wa mgawanyo huo kwa mwananchi unatokana, kwa kiasi fulani, na lugha.

Usuli

Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuwa na Seneti na mabaraza ya majimbo. Mfumo huo ulipiganiwa na Ronald Ngala, mwanasiasa wa Pwani aliyekiongoza chama cha KADU. KADU ilivunjwa mwaka 1964, na Seneti ikaondolewa miaka miwili baadaye. Mwaka 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1988 Katiba ilirekebishwa, majaji wakapoteza ulinzi wa kazi yao, nao haukurejeshwa hadi mwaka 1990. Zizi lilikuwa limebaki na fahali mmoja.

Chini ya Katiba ya 2010, mamlaka yote ni ya wananchi. Mihimili imekabidhiwa tu. Bunge hutunga sheria na kuidhinisha matumizi ya fedha. Serikali hutekeleza. Mahakama hufasiri sheria na kuamua mizozo. Uhuru wa mhimili huu wa tatu ulidhihirika tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais uliofanyika tarehe 8 Agosti mwaka huo.

Mfano wa Jilore

Katika uchaguzi mkuu, mpiga kura wa Jilore hupiga kura sita: ya Rais, Seneta, Gavana, Mwakilishi wa Wanawake, Mbunge na Mwakilishi Wadi. Mgawanyo, basi, ni wa namna mbili: baina ya mihimili, na baina ya taifa na kaunti. Zahanati ziko chini ya kaunti, ilhali polisi na machifu wako chini ya serikali ya kitaifa. Mwakilishi Wadi huhudhuria Bunge la Kaunti, ambalo makao yake yako Malindi. Kazi yake ni kupitisha sheria na bajeti na kuwahoji watendaji wa Gavana, si kununua dawa yeye mwenyewe. Mzozo wa mpaka wa shamba nao waweza kufikishwa mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, wala Gavana hawezi kumwamuru jaji namna ya kuuamua.

Suala la istilahi

Neno 'serikali', lenye asili ya Kiajemi, hutumiwa kwa maana mbili: mfumo mzima wa utawala, na mhimili mmoja tu wa utekelezaji. Isitoshe, chifu huitwa serikali, na kaunti pia ni serikali. Mathalani, mkazi akimpelekea chifu malalamiko kuhusu ukosefu wa dawa kwa kuwa 'serikali ndiyo hii', atakuwa amebisha mlango usio wake. Asiyejua nani amekabidhiwa nini hawezi kumwajibisha yeyote.

Hitimisho

Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo ina wajibu wake. Inapendekezwa kuwa 'dola' litumike kwa jumla ya mihimili yote, na 'serikali' libaki kwa watekelezaji, huku ngazi ikitajwa daima: ya kitaifa au ya kaunti. Kazi hii si ya wanasheria peke yao. Mafahali watatu wataendelea kukaa zizi moja iwapo mwenye zizi, yaani mwananchi, ataweza kumwita kila mmoja kwa jina lake.