Mpera wa uani

Miongoni mwa miti yote ambayo wenyeji wa Kariakoo waliipa nafasi katika nyua za nyumba zao, zile nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati na ua nyuma, sidhani kuwa upo uliotoa kwa ukarimu na kushukuriwa kidogo kama mpera. Kwani huridhika na mchanga wa pwani, na aghalabu huota wenyewe pale popo au shorewanda alipodondosha mbegu.

Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika, na ni Wareno na Wahispania walioueneza ng'ambo ya bahari; walakini umekwisha kuwa mwenyeji, na kwa nasaba ni jamaa ya mkarafuu wa Unguja. Watoto waliupenda kwa kuwa matawi yake ni magumu, hayakatiki ovyo chini ya mpandaji, na panda zake hufaa kwa manati; bibi zao nao walichemsha majani yake machanga kutuliza tumbo la kuhara. Tunda lenyewe, liwe la nyama nyeupe au nyekundu, lina fadhila ambayo wengi hawaijui: gramu 100 za pera huwa na zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, ilhali chungwa la uzito ule ule halifikii 60.

Pamoja na hayo yote, katika biashara ya Kariakoo, tangu soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilipofunguliwa mwaka 1975, hadhi ni ya chungwa, embe na nanasi, na pera ni la sinia na ndoo ya mchuuzi. Kwa maana likishaiva halistahimili siku nyingi, hupondeka ndani ya tenga, na nzi wa matunda hulitagia mayai lingali mtini. Ni tunda la kuchumwa na kuliwa papo hapo. Kwa hiyo ghorofa zilipochukua mahali pa nyumba za Kiswahili, na nyua zikafunikwa saruji, hasara ya mpera haikuweza kufidiwa sokoni, na mjukuu hununua kwa shilingi, tena limechoka, tunda ambalo babu yake alilichuma bure.

Nawasihi basi walimu wakuu, maimamu na mapadri wa Kariakoo, Gerezani na Ilala, ambao viwanja vyao vingali na udongo: masika yakianza mwezi Machi, pandeni mipera, na msiwakataze watoto kuichuma.